Transmita ya ndege za modeli: wacha kuhesabu chaneli, hesabu risiva

Ndege itaanguka. Tukubaliane hapo kwanza kabla sijaingia kwa mambo ya transmita, yaani rimoti, juu karibu kila mtu anayeanza hii hobi hapa Nairobi namuona akifanya hesabu kinyume, pesa yote inaenda kwa ndege, ile kubwa imepigwa rangi inang'aa, halafu rimoti inanunuliwa na chenji iliyobaki. Na ndege ndio itakufa. Itagonga mgunga huko Kitengela, itaingia kwa nyanya za watu Isinya, propela itavunjika, pua itabonyea, na wikendi inayofuata uko sebuleni unakata stairofomu nyingine na unabandika na gundi. Transmita nayo haipandi juu. Inabaki imening'inia shingoni mwako chini, na ukiishika vizuri itazika ndege kumi na bado iko sawa.

Sasa mtu akisikia hivyo anakimbia kutafuta yenye chaneli nyingi. Kumi na sita! Ishirini na nne! Za nini buda? Chaneli ni kila kitu unachotaka kuamuru peke yake kwa ndege. Mota ni moja, eleveta (ya kupandisha na kushusha pua) mbili, usukani wa mkia tatu, aileroni (za kulaza ndege upande) nne, na hapo ndege ya kawaida ya kujifunzia imeshiba. Ukitaka kila aileroni iwe na chaneli yake ni tano, flapu zinaongeza moja ama mbili, magurudumu ya kukunja moja tena. Ndege ya mabawa ya pembetatu, ile haina mkia, inaruka na servo mbili (vile vimota vya kusukuma sehemu za bawa) na mota basi. Mwenye anakuuzia atakwambia chaneli ni kama nguvu za injini ya gari lakini si hivyo hata kidogo, chaneli usizotumia zimekaa tu.

Kitu mtu anafaa kuhesabu ni risiva. Kila ndege inataka risiva yake ndani, yaani kile kipande kinachopokea amri za transmita, na kwa kawaida transmita ya kampuni moja haiongei na risiva ya kampuni nyingine hata kama zote zimeandikwa gigahezi 2.4 kwa boksi. Hii ndio inawashika wageni wengi. 2.4 ni barabara tu, lugha ni nyingine kabisa: FlySky wana AFHDS 2A, Spektrum wana DSMX na ile ya zamani DSM2, Futaba wana FASST na S-FHSS na zingine, FrSky wana ACCST halafu wakaleta ACCESS, na siku hizi kuna ExpressLRS ambayo wenyewe wanaiita ELRS na haina mwenye, ni programu huria, yeyote anaweza kuunda kifaa chake. Kwa hivyo siku unanunua transmita umechagua pia risiva za ndege zako zote za mbeleni, na ukiwa na ndege tano basi ni risiva tano, piga hiyo hesabu kabla ujatuma pesa. Transmita inaweza kuwa ya bei ya kirafiki halafu risiva zake zikumalize polepole, ama iwe ghali kidogo na risiva ziwe za bei ya chakula cha mchana cha watu watatu wanne. Mimi naangalia bei ya transmita moja jumlisha risiva nne, hiyo jumla ndio bei ya ukweli.

Na kwa Nairobi kuna jambo la pili ambalo video za wazungu hazitakwambia, nalo ni hili: risiva ikikufia Jumamosi asubuhi ukiwa uwanjani nani ako na nyingine? Huko kwao wanaagiza inafika kesho. Hapa unaweza ngoja wiki tatu, ukiongeza ushuru, ukiongeza zile simu za kuulizwa ndani ya kifurushi kuna nini. Kwa hivyo uliza kwanza wale unaoruka nao wanatumia nini. Kama wanne kati ya sita wako na FlySky, hata kama umesoma sana na umejua kuna kitu bora zaidi, hiyo FlySky ina maana kubwa, juu kuna mtu ako na risiva ya ziada kwa boksi lake na kuna mtu anajua menyu yake kichwani.

Ndio maana FS-i6 ya FlySky bado sioni aibu kumwambia mtu anunue ya kwanza. Ni chaneli sita, inakula betri nne za AA ambazo zinapatikana kila duka la mtaa kutoka Githurai hadi Rongai, inakumbuka modeli ishirini, ina elevoni (za ndege isiyo na mkia) na mkia wa V tayari ndani, ina ekspo (ya kulainisha vijiti karibu na katikati) na ile swichi ya kupunguza servo inageuka hadi wapi ili ndege isirukeruke kama mbuzi, na risiva ya iA6B ina antena mbili na inaweza kurudisha volti za ndege kwa skrini. Kuna watu wameiflashi, yaani wameiwekea programu ingine, ikawa ya chaneli kumi, na inafanya kazi, ingawa mimi naona kama umefika pale unahitaji kumi basi umefika pia pale unahitaji transmita ingine. Mabaya yake yako wazi: mixi (kufanya kijiti kimoja kisukume vitu kadhaa) ni chache, haikuambii kitu kwa sauti, menyu yake inataka subira (ukisahau kushikilia kitufe cha kughairi hadi isevu, setingi yote imeenda), na vijiti vyake vinatumia potenshiometa, yaani kile kipande cha kaboni kinachosuguliwa ndani, na kwa vumbi ya huku mwishowe vinaanza kutetemeka. Utaona kwa skrini ya kuonyesha servo, mkono wako umetulia lakini mstari unacheza. Usiruke nayo hivyo.

Kabla ujafikiria kuapgredi jiulize unataka kufanya nini ambacho ya sasa inakataa. "Rafiki yangu amenunua mpya" sio sababu, ni wivu, na wivu ni ghali. Sababu za ukweli ziko chache. Moja ni gimbali, yaani hivyo vijiti na mashine yake, kuchakaa. Ya pili ni glaida. Ukipanda Ngong siku upepo umeamka, mbali na ile mitambo mikubwa ya kuzalisha stima, unaweza kurusha glaida haina mota na ikae juu hadi shingo ikuume, shida inakuja kwa kutua, haitaki kushuka, inateleza tu, kwa hivyo watu wanapandisha aileroni zote mbili na kushusha flapu kwa wakati mmoja, na eleveta inashuka kidogo kufidia, yote hayo kwa kijiti kimoja. Hiyo ni mixi juu ya mixi na FS-i6 itakutoa jasho. Ya tatu ni kutaka kuambiwa mambo na sikio badala ya kuangalia skrini, juu ukiangusha macho kwa skrini sekunde mbili na ndege iko mbali, ukiinua macho hujui inakuja ama inaenda. Na ya nne ni kuruka mbali zaidi, hasa wale wa kamera ya kwa pua na miwani.

Ukiwa na moja ya hizo, mimi ningekwambia toka kabisa kwa dunia ya transmita zilizofungwa uingie kwa zile zinaendeshwa na EdgeTX. Hiyo ni programu huria iliyozaliwa kutoka kwa OpenTX, na ukishaielewa unaweza kuhama kutoka kwa transmita ya kampuni moja hadi ya nyingine na kichwa chako kisianze upya. RadioMaster na Jumper ndio wanajulikana zaidi. Inachosha mwanzoni, sitakudanganya. Kwa FS-i6 unaambiwa "chagua aina ya bawa", kwa EdgeTX unapewa kurasa tupu: hii ingizo iende kwa hii mixi, hii mixi iende kwa hii chaneli, kwa asilimia hii, swichi hii ikiwa chini tu. Jioni mbili za kwanza utaona ni kazi ya mhasibu. Halafu kuna siku inaingia, na kuanzia hapo transmita ya kawaida unaiona kama calculator ya darasa la nne.

Kwa hizo RadioMaster zinazouliziwa sana: TX16S ni kubwa, skrini ya rangi ya kugusa, swichi kila mahali, inapendeza ukiwa nyumbani lakini jua la saa saba la Athi River skrini ya rangi inakuwa kioo cha kujitazama. Boxer ni ya kati, skrini nyeusi na nyeupe ambayo juani inasomeka safi, gimbali za ukubwa kamili, na mimi kwa mkono wangu hiyo ndio saizi. Pocket ni ndogo na ndio ya bei nafuu, ilipotoka 2023 huko nje ilikuwa inauzwa dola sitini na kitu, vijiti vinafunguliwa vinawekwa nyuma yake, inaingia kwa begi la kawaida ukipanda matatu, na zote tatu gimbali zake ni za sumaku, yaani hakuna kitu kinasuguliwa, sensa inasoma sumaku tu, vumbi haina la kufanya hapo. Kwa mwanafunzi wa chuo ambaye anataka kuanza mara moja na asirudi tena dukani kwa miaka, Pocket ni ngumu kushindana nayo. Vidole vikubwa vitalalamika lakini.

Swali gumu linakuja sasa: ndani uchukue moduli gani, yaani kile kipande cha redio kinachotuma mawimbi? Hapa ndio watu wananunua boksi sahihi na tumbo lisilo sahihi. TX16S na Boxer zinatoka kwa aina tofauti, na kwa nje zinafanana kabisa. Kuna ya ELRS na kuna ya moduli ya nne kwa moja. Hiyo nne kwa moja ina chipu nne za redio ndani, A7105 inaongea na FlySky, CYRF6936 inaongea na Spektrum, CC2500 inaongea na FrSky na baadhi ya Futaba, na NRF24L01 inaongea na zile droni za watoto za kuchezea. Kwa mtu ambaye tayari ako na risiva tatu nne za FlySky ndani ya ndege zake hii ni dawa, unabadilisha transmita peke yake na ndege hazijui hata kama kuna kitu kimebadilika, unabaindi (kuzijulisha transmita na risiva) upya tu. Na nyuma yake kuna nafasi ya kuchomeka moduli ya pili, kwa hivyo ELRS unaweza kuiongeza baadaye ukipata pesa. Lakini kwa mtu anaanza kutoka sifuri leo, hana risiva hata moja, mimi namwambia aingie ELRS moja kwa moja, ya nne kwa moja itakuwa inambebea historia ya watu wengine.

Kwa nini ELRS? Inatumia mtindo wa LoRa, ile ile wanatumia kwa mita za maji na sensa za mashamba, ambao unasikika hata mawimbi yakiwa dhaifu sana chini ya kelele. Kwa 2.4 ukiiweka kwa kasi ya paketi 50 kwa sekunde inasikia hadi desibeli hasi 115 hivi, kwa paketi 500 inasikia hadi hasi 105. Kwa maneno ya kawaida: ukipunguza kasi ya paketi unapata umbali. Ndege ya kawaida haihitaji 500, hao ni watu wa droni za mashindano, weka 150 ama hata 50 na servo zako hazitajua tofauti. Na risiva zake ni za bei poa juu watengenezaji ni wengi wanagombania.

Kuna mambo mawili ya ELRS ya kujua kabla ujalaani. La kwanza, vesheni za pande zote lazima zielewane, transmita ya 3 haitaongea na risiva ya 2, na risiva nyingi zinakaa kwa rafu za duka muda mrefu zikiwa na programu ya zamani. Suluhisho lake ni rahisi sana, risiva nyingi zina waifai yake: iwashe bila transmita, ngoja kama dakika moja, itatoa mtandao unaitwa ExpressLRS RX, nywila ni expresslrs, unafungua 10.0.0.1 kwa simu na unaflashi ukiwa umeketi. Hapo hapo unaandika ule msemo wako wa kubaindi, na risiva zote zenye huo msemo zinakutambua bila kubonyeza kitu. Weka msemo ambao mwenzako hawezi kukisia. Usiandike "kenya254", tafadhali, juu wako wengine wawili wameandika hivyo.

La pili ni kwamba risiva nyingi za ELRS ni zile ndogo kama ukucha zenye waya nne, zimetengenezwa za droni zenye kompyuta ya kuruka ndani, na zinatuma data ya CRSF (amri za chaneli zote kwa waya mmoja), hakuna mahali pa kuchomeka servo. Mtu ananunua hiyo, anafika nyumbani na servo zake nne mkononi anaanza kutafuta tundu. Kwa ndege isiyo na kompyuta unataka risiva ya PWM, ile kila servo inachomekwa kwake, kwa mfano hizi za RadioMaster za familia ya ER kama ER6, uone pini tatu tatu zimejipanga. Ni ghali kuliko zile za ukucha, na hiyo tofauti iingie kwa ile hesabu yako ya risiva nne.

Kuhusu masafa: utakutana na ELRS ya 2.4 na utakutana na ya 900, na mwenye kukuuzia atasema 900 inafika mbali zaidi. Kwa kitabu ni kweli, lakini hiyo ya 915 ni bendi ya Marekani. Hapa kwetu mitandao ya simu iko hapo hapo 900, yaani unapeperusha ndege yako katikati ya mazungumzo ya watu, minara yao ina nguvu ambazo wewe huna, na pia ni masafa wenyewe wanalipia leseni. Wachana nayo. 2.4 inatosha hadi pale macho yako yanachoka kuona ndege, na kama huioni wewe sio rubani tena ni mtazamaji.

Watu wanaogopa 2.4 juu ya waifai za mtaani. Ni kweli ukiwa umezungukwa na gorofa za Pipeline kila nyumba na ruta yake ni kelele tupu, lakini mifumo ya sasa inarukaruka kati ya masafa mengi kila wakati, kwa hivyo moja likijaa paketi inayofuata iko pengine. Ile DSM2 ya zamani ilikuwa inachagua masafa mawili ikiwashwa na inakaa hapo hapo, ndio maana watu wa Spektrum walihamia DSMX. Na kwa hali yoyote unafanya nini na ndege Pipeline?

Nguvu nayo. Kila mtu anauliza miliwati. Ili umbali uongezeke mara mbili unahitaji nguvu mara nne, hiyo ni fizikia haibembelezwi. Kutoka miliwati 100 kwenda 400 umepata mara mbili tu na betri ya transmita imelia. Antena iliyokaa vizuri inakupa zaidi ya hapo bila shilingi. Kwa 2.4 wimbi lina sentimita 12 na nusu, na ile ncha ya antena ya risiva inayofanya kazi, pale waya umevuliwa, ni kama milimita 31. Hiyo ncha ndio antena, nyaya zilizobaki ni mfereji tu. Ukiikata kidogo kwa makasi ukibandika bawa umeua risiva na hutajua hadi uko mbali. Zikiwa mbili ziweke pembe mraba, moja imelala moja imesimama, mbali na betri na mbali na fimbo za kaboni, juu kaboni inaziba mawimbi kama bati. Na kwa upande wako, usielekeze ncha ya antena ya transmita kwa ndege kama unaipiga na bunduki. Kwa ncha ndio mawimbi ni machache kabisa, yanatoka ubavuni.

Halafu, manze, sio kila ndege iliyoanguka "imepoteza signo". Nusu ya hizo lawama ni umeme. Risiva na servo zinakula volti 5 kutoka kwa ile BEC ndogo (ya kushusha volti za betri) iliyo ndani ya ESC ya mota (kile kidhibiti cha mwendo wake), na servo nne za bei rahisi zikivuta pamoja kwa kona kali hiyo BEC inalegea, risiva inazima, inawaka tena, kwa macho yako ni kama signo imekatika. Mtu anaenda kununua transmita mpya ya pesa mingi, anaiweka kwa ndege ile ile na ESC ile ile, na inaanguka vile vile. Angalia hapo kwanza. BEC ya kando ya ampia tano ni pesa kidogo sana ukilinganisha.

Betri za transmita zenyewe. RadioMaster nyingi zinakuja bila betri, afadhali hata, juu kusafirisha lithiamu kwa ndege ni vita, kwa hivyo 18650, zile betri za lithiamu za mviringo, unanunua hapa. Nenda barabara ya Luthuli kwa wauzaji wa vifaa vya umeme lakini nenda na akili. Utaonyeshwa nyekundu nzuri imeandikwa mAh 9900, "boss hii ni original, hii utasahau kuchaji." Hakuna 18650 ya 9900 duniani. Zile za ukweli nyingi zinaishia karibu 3500, na ukiona namba inapita hiyo mbali sana jua ni uongo, ndani kuna kidogo sana na plastiki. Ipime uzito kwa mkono, ya ukweli ni kama gramu 45, ile ya uongo inahisi kama toi. Wengine wanatoa kwa betri za laptopu zilizokufa, zinaweza kuwa nzuri tu, pima kila moja na uchaji ukiwa hapo karibu, sio unaenda kulala.

Kitu kinanifurahisha na EdgeTX kuliko zote ni sauti. Inasoma faili za WAV kutoka kwa kadi ya kumbukumbu, na hakuna sheria inasema lazima awe yule dada wa Kiingereza. Unarekodi na simu, unabadilisha iwe WAV ya chaneli moja, unaipa jina fupi, unaiweka kwa folda ya sauti, unaiunganisha na swichi ama na volti. Yangu inasema "throtoli imefungwa" nikifunga nguvu za mota, "betri inaisha, anza kushuka" volti zikifika pale nimeweka, na kiungo kikishuka chini ya asilimia 70 inasema "geuka sasa hivi", kwa sauti ya mamangu mdogo ambaye hajui mambo ya ndege lakini sauti yake haijawahi kupuuzwa na mtu. Nikigeuza swichi ya flapu inasema "pole pole". Watu wanacheka uwanjani lakini wanaomba hizo faili.

Mitumba kidogo, juu wengi mtapitia huko. Ukiona transmita yenye antena ndefu ya chuma ya kuvuta kama ya redio ya guka, hiyo ni ya enzi za megahezi 35 ya Uingereza na Ulaya, ama 72 ya Marekani, zenye kristali ya kuchomeka. Wakati huo watu wawili wakiwasha namba moja ya kristali kwa uwanja mmoja, ndege moja ilikuwa inaanguka, ndio maana vilabu vilikuwa na ubao wa vibanio, huna kibanio cha namba yako huwashi. Ni nzuri kwa kabati. Kitu kingine cha kuangalia kwa mitumba ni modi: wengi hapa tunaruka modi 2, throtoli kwa mkono wa kushoto, lakini zingine zinakuja modi 1 throtoli ikiwa kulia. Kwa EdgeTX unabadilisha kwa menyu lakini ile springi ya kijiti inabidi ufungue mgongo uihamishe, sio ngumu, bisibisi na dakika kadhaa. Na muulize muuzaji risiva ziko wapi. Akisema hana, bei ishuke nusu.

Kabla ya safari ya kwanza na transmita mpya kuna jambo moja siliachii mtu, nalo ni setingi ya signo ikipotea. Toa propela. Washa vyote, pandisha throtoli robo, halafu zima transmita. Mota lazima isimame yenyewe. Ikiendelea kuzunguka, hiyo ndege ikipoteza signo itaendelea kwenda na hujui itaishia kwa shule gani. Kwa risiva za ELRS za PWM setingi hii unaiweka kwa ule ukurasa wa waifai, kwa FS-i6 iko kwa menyu ya risiva. Halafu shusha nguvu hadi miliwati 10, tembea mbali mwenzako ameshika ndege, cheza na vijiti. Na chagua mahali: Wilson, JKIA na kambi ya anga ya Eastleigh zimezunguka huu mji karibu wote, na kanuni za KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) za 2020 za vyombo visivyo na rubani zipo, zisome na upate ruhusa kabla ya kutoa kitu kwa boksi. Tunaenda nje ya mji kwa sababu hiyo, si kwa kupenda vumbi.

Ile FS-i6 ya zamani usiiuze haraka. Ukiuza uza na risiva zake zote, juu pekee yake hailipi. Mimi yangu nimeifanya ya mwanafunzi: ina tundu nyuma, unatengeneza waya kutoka hapo hadi lile tundu la milimita 3.5 la Boxer ama TX16S, na kwa EdgeTX unafungua ukurasa wa mwalimu unaseti mwanafunzi apewe nini. Mpe eleveta na aileroni peke yake mwanzoni, throtoli ibaki kwako. Kalibrisha vijiti vyake kwa huo ukurasa vikiwa katikati, la sivyo ukimpa tu ndege inainama. Swichi ya kumpa iwe ile ya springi, ya kushikilia na kidole, ndio ukishtuka ukaachia kila kitu kinarudi kwako. Binti wa jirani ana miaka kumi na mmoja na sai anageuza kushoto na kulia bila kupoteza urefu. Kutua bado simpi.